Kabla hujamuua kifaranga aliyetanua miguu, angalia sakafu yako kwanza

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, na Iringa mwezi wa saba mnaujua, asubuhi ukishika maji ya bomba vidole vinauma. Nikafungua mashine ya kutotolea mayai kutoa vifaranga wa mwisho, wale waliochelewa. Niliweka mayai 48, mpaka jana yake usiku walikuwa wametoka 36, na tarehe ilishapita maana yai la kuku ni siku 21 na mimi nilikuwa naelekea 23. Sababu nilikuwa naijua. Siku ya 17 umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi karibu na alfajiri, nikafunika mashine na mablanketi mawili nikapanga chupa za maji ya moto pembeni, ila kipima joto kikashuka mpaka 33 wakati inatakiwa kisimame kwenye 37.5. Mayai yakipoa hivyo sio kwamba vifaranga wanakufa wote, wengi wanachelewa tu, na anayechelewa mara nyingi anatoka amechoka.

Huyo wa mwisho ndio alikuwa wa 37. Rangi yake kama karanga iliyokaangwa, binti yangu hapo hapo akampa jina, Karanga.

Nikamuacha akauke, nikamhamishia kwenye boksi na wenzake, nikaenda kanisani. Narudi saa sita namkuta amelala kifudifudi katikati ya boksi, mguu mmoja umeenda kulia mwingine kushoto, tumbo limegusa chini, anajisukuma kwa mabawa. Wenzake wanampita juu. Na ile sauti yake, jamani, kifaranga mwenye baridi analia kwa nguvu tena mfululizo kila mfugaji anaijua, huyu alikuwa analia mara moja, ananyamaza, halafu analia tena.

Jirani yangu alikuwa amekuja kuchukua vifaranga kumi vyake alivyoagiza. Akamuona. Akaniambia, "Dada, huyo mtoe tu asiteseke, kuku kilema hakui." Sio kwamba ana roho mbaya, mama wa watu amefuga miaka mingi kuliko mimi, na mwenye banda la kuku mia tatu kweli hawezi kukaa na kifaranga mmoja kutwa nzima. Ila mimi nilikuwa na vifaranga 37 na Jumapili nzima mbele yangu, na kuna jambo la mwaka juzi lilikuwa bado linaniuma, nitalisema huko chini. Nikamjibu, "Dada yangu ngoja kwanza, nipe mpaka Alhamisi."

Nimeandika hii kwa sababu nimeona watu wengi sana wanawaua vifaranga wa namna hii siku ya kwanza au ya pili, wakidhani amezaliwa hivyo, ni ukoo mbaya, ni mayai mabaya. Wengine hawajazaliwa hivyo. Mimi wa kwangu nilimharibu mwenyewe ndani ya masaa manne, na nilichomharibia ni gazeti.

Ndio, gazeti. Nilikuwa nimetandika magazeti kwenye boksi kwa sababu maranda yaliisha na fundi seremala hafungui Jumapili, nikaona gazeti ni safi, linafyonza, kesho natupa. Nilipomtoa Karanga nikakaa pale chini nikawaangalia wale wengine 36, na ndio nikaona kitu ambacho siku zote nilikuwa sikioni: watatu au wanne kila wakikimbia kwenda kwenye maji mguu unateleza pembeni, wanajikusanya, wanateleza tena. Hao walikuwa na nguvu za kujikusanya. Karanga aliyetoka amechelewa na amechoka hakuwa nazo. Siku za kwanza mifupa na kano za kifaranga bado laini, misuli ya kuvuta mapaja yarudi ndani bado haijapata nguvu, kwahiyo miguu ikienda pembeni na ikakaa hivyo hivyo masaa mengi, nyonga inazoea kukaa huko. Ukiacha siku tatu nne mwili unakomaa vibaya. Ndio maana nasema hili ni suala la siku, tena siku chache.

Kitu cha kwanza kabisa nilichofanya kabla hata ya kumshika nikatoa magazeti yote, nikachana taulo la zamani nikatandika. Hilo lilikuwa la wale 36.

Halafu nikamchukua Karanga nikamlaza kwenye kiganja, na hapa naomba msome taratibu maana ndipo wengi wanapokosea na mimi ndipo nilipokosea mwaka juzi. Shika miguu yote miwili kwa upole, irudishe chini ya tumbo pale inapotakiwa kuwa. Inarudi bila kubisha? Ukikunja na kukunjua kila kiungo kinakwenda? Sasa angalia lile goti linaloelekea nyuma, sisi tunaita goti ila kiukweli ndio kisigino cha kuku, pitisha ncha ya kidole nyuma yake. Kwa mguu mzima utasikia kano kama uzi mnene umelala katikati kwenye kijifereji chake. Karanga alikuwa nayo pale, pande zote mbili, na kisigino hakijavimba. Maana yake miguu imetanuka tu, na hiyo inarudi.

Yule wa mwaka juzi haikuwa hivyo. Alikuwa na siku kama kumi na mbili, mguu mmoja umepinda pembeni umejizungusha, anatembelea kisigino. Mimi nikaona ni miguu imetanuka, nikamfunga plasta wiki nzima. Wiki nzima analia nikimfunga, nikajua ni uoga. Nilipompeleka kwenye duka la dawa za mifugo yule mtaalamu akamshika, akanichukua kidole changu akakiweka nyuma ya kisigino, akaniambia sikia hapa. Palikuwa bapa. Pamevimba na ni bapa, ile kano imeshatoka kwenye mfereji wake imelala pembeni, kwahiyo kila anapojaribu kusimama inauvuta mguu kuelekea pembeni badala ya kuunyoosha. Akaniambia ungemleta siku ile ile ningemnyoosha mguu kuelekea nyuma nikairudisha kwa kidole gumba, saa nyingine inaingia na unaisikia ikiingia, lakini baada ya wiki mfereji wenyewe umeharibika. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba watoto amchinje kwa sababu mimi nilishindwa. Sijasahau kwamba ile plasta yangu haikumtibu kitu, ilimuumiza siku saba.

Kwahiyo kabla ya plasta, kidole nyuma ya kisigino. Kila mara.

Na kuna wa aina ya tatu, vidole vimejikunja kwa ndani kama ngumi, kifaranga anakaa kwenye visigino hataki kusimama, huyo mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, nitamrudia. Mguu mmoja mbele mmoja nyuma kwa kuku aliyeshakuwa wa wiki kadhaa hilo ni jambo lingine, hapo waza Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, na chanjo yake inachomwa siku kifaranga anapototolewa, baadae haisaidii. Na ukiona shingo inapinda na wengine wanazubaa hiyo usikae kuangalia miguu, waza mdondo, yaani kideri, na uite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Turudi kwa Karanga. Plasta ya kwanza nilikosea. Nilikata kipande kipana, nikakizungusha nikakaza kwa sababu niliona ana miguu midogo itachomoka. Usiku saa nne namuangalia, mguu wa kulia umevimba vidole vimekuwa vya rangi ya zambarau. Mikono ilinitetemeka. Ukitaka kuivuta plasta kwenye ngozi ya kifaranga wa siku moja utaitoa na ngozi, usivute, paka mafuta ya kula kwenye kingo zake na pamba, subiri dakika mbili tatu, gundi inalainika plasta inaachia yenyewe. Nikamkanda na kidole gumba na cha shahada, taratibu, kutoka kwenye vidole kupanda juu, mpaka rangi ikarudi. Binti yangu alikuwa ameshika tochi ya simu, hakusema neno mpaka vidole vilipokuwa vya pinki, ndio akapumua.

Ya pili ikakaa vizuri. Plasta ile ya kawaida ya kuzungusha wanayouza famasi, ya kitambaa, nikakata utepe mwembamba kama nusu sentimita, urefu kama wa kidole changu cha kati na kidogo. Binti anamshika Karanga amelala chali kwenye kitambaa, kichwa kimefunikwa kidogo kwa sababu gizani wanatulia. Nikazungusha upande mmoja wa utepe kwenye mguu, chini ya kisigino juu ya vidole, upande wa gundi ukikutana na gundi, nikafanya hivyo hivyo mguu wa pili, katikati pakabaki kama daraja. Urefu wa hilo daraja ndio kazi yenyewe. Ukilifanya fupi miguu inagusana anaanguka, ukilifanya refu hujafanya kitu. Mimi nilipima kwa kumuangalia mwenzake aliyesimama vizuri, umbali kati ya mguu na mguu ni kama sentimita mbili na nusu, nikamuwekea hiyo hiyo. Na pete ya mguuni ilegee kiasi kwamba ncha ya kijiti cha kiberiti ingepita.

Akawekwa chini kwenye taulo. Akaanguka kifuani. Akaanguka ubavu. Mtu anayemuangalia kwa mara ya kwanza hapo ndipo anapokata tamaa, anaona nimemfunga pingu nimemuongezea shida. Ila anguka yake ilikuwa tofauti na ya asubuhi, asubuhi alikuwa anasambaa, sasa alikuwa anaanguka huku miguu iko chini yake, na kila akianguka anasukuma.

Usiku ule nikatumia kikombe. Kikombe cha chai cha kawaida, ndani nimeweka kitambaa laini, yeye amekaa wima miguu imekunjwa chini yake kama ndani ya yai, kichwa kiko nje. Nusu saa kwenye kikombe, anatoka anakunywa, anajaribu kusimama dakika chache, anarudi. Kikombe kilikaa ndani ya bruda, lile boksi la joto la kulelea vifaranga, karibu na joto, bruda nilikuwa naitunza kwenye nyuzi 34 hivi kwa wiki ya kwanza, baada ya hapo unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Watu wa baridi kama sisi wengi tunatumia jiko la mkaa, tafadhali acheni upenyo wa hewa, gesi ya mkaa haionekani na inaua vifaranga na watu.

Chakula hakikunipa presha siku ya kwanza, maana kifaranga anatoka na kiini cha yai amekivuta tumboni na kinaweza kumshikilia mpaka siku tatu hivi. Kilichonipa presha ni maji. Huyu hawezi kufika kwenye maji mwenyewe, na kwenye kisahani anaweza kuanguka kifudifudi akazama kwenye maji ya kina cha kidole. Nikaweka vijiwe kwenye kisahani, na kila baada ya saa moja na nusu nachovya ncha tu ya mdomo wake, tundu za pua zisiguse maji, anainua kichwa anameza. Ukimmiminia kwa sindano mdomoni yanaweza kwenda kwenye mapafu, achana na hiyo. Baadae nikampa kiini cha yai la kuchemsha nimekisaga, kidogo kama punje mbili za mahindi. Na kwa sababu anakaa chini muda mwingi, kinyesi kinamgandia nyuma, ukikiacha kinaziba na anakufa kwa hilo wakati wewe unahangaika na miguu. Pamba na maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, unamkausha kabla hajapata baridi.

Kulala nilimtenga na kundi lakini sikumuweka peke yake. Kifaranga peke yake analia mpaka nguvu zinaisha. Nikamchagulia mwenzake mmoja mpole, mweusi, nikawawekea kijiboksi chao ndani ya bruda hiyo hiyo wanawasikia wengine. Yule mweusi alikuwa anamlalia mgongoni, na asubuhi akianza kudonoa, Karanga anainyoosha shingo anataka na yeye. Naamini nusu ya kazi aliifanya yule.

Jumatatu nilibadilisha plasta kwa sababu wanakua haraka mno, pete iliyolegea leo kesho kutwa inabana. Nilikuwa namfanyisha mazoezi mara tatu, namshika kiunoni kwa vidole viwili, uzito wangu nusu wake nusu, miguu inagusa taulo, namshusha namuinua taratibu kama dakika tano. Binti alikuwa anaandika kwenye daftari lake la shule kurasa za nyuma. Nimelifungua leo: "Jumatatu jioni amesimama nimehesabu mpaka 4 akakaa. Jumanne asubuhi nimehesabu mpaka 11. Jumanne mchana ametembea hatua 3 akaanguka akaamka mwenyewe." Hilo la kuamka mwenyewe nililishuhudia, nilikuwa nafua, nikaacha ndoo pale pale.

Jumatano jioni nikatoa plasta kwa mafuta. Mguu wa kushoto ukawa unachepuka kidogo nje, nikaogopa nikataka kumfunga tena, halafu nikamuacha usiku mmoja nione. Alhamisi alikuwa anakimbia. Sio vizuri sana, anayumba kama mtu aliyeshuka kwenye basi la safari ndefu, lakini anakimbia kwenye maji, anafika. Jirani yangu alipita jioni kama nilivyomwambia, nikamwambia nitafutie Karanga humo ndani. Aliangalia muda mrefu, akanyoosha kidole kwa kifaranga mwingine kabisa.

Sasa ile habari ya vitamini. Baada ya wiki moja hivi nikapata wawili wengine kundi lile lile, vidole vimejikunja kwa ndani. Hawa hawakuwa suala la gazeti. Yule mtaalamu wa dukani akaniuliza swali ambalo sikutegemea, mama zao wanakula nini? Nikamwambia pumba za mahindi na wanajitafutia. Akasema basi anzia huko. Kuku anayetaga akiwa hapati B2 ya kutosha anaweka yai lenye upungufu, kifaranga anatoka tayari anadaiwa, halafu na wewe unampa chakula cha kuchanganya mwenyewe chenye mahindi mengi, mishipa ya fahamu ya miguu inaharibika ndio vidole vinajikunja. Na mahindi hayohayo ni maskini wa madini ya manganizi, na ukikosa manganizi na kirutubisho kinaitwa kolini ndio njia ya ile kano kutoka kwenye mfereji. Nilikaa kimya pale kaunta. Yule wa mwaka juzi nilikuwa nimemlisha mahindi tangu siku ya kwanza.

Wale wawili nikawapa vitamini ya unga ya kwenye maji, kipimo cha kwenye pakiti, asubuhi tu natengeneza mapya. Chupa isikae juani, B2 inaharibiwa na mwanga, unaweza kuwa unawapa maji ya njano yasiyo na kitu. Kama unawapa dawa ya kuharisha damu yenye amproliamu uliza kwanza kabla ya kuchanganya, hiyo inafanya kazi kwa kuzuia vitamini B1 kwahiyo mnavutana. Na nikawatengenezea viatu, kipande cha boksi gumu ukubwa wa unyayo, vidole vimenyooshwa juu yake, plasta juu, siku tatu. Mmoja akanyooka kabisa ndani ya siku nne. Mwingine amebaki na kidole kimoja kimepinda, anakula, anakimbia, yupo tu na wenzake.

Mama zao nimewabadilishia. Dagaa waliosagwa, pumba za ngano kwa ajili ya manganizi, soya ila iliyokaangwa maana mbichi inawazuia kusaga chakula, na mchicha kila siku naupata hapo mtoni. Gharama imepanda ndio, sifichi.

Na kuna wakati wa kuacha, niseme na hili kwa sababu naandikiwa ujumbe na watu wanaohangaika na kifaranga wiki tatu. Kama kisigino kimevimba na kano imetoka siku nyingi, kama hali kabisa hata ukimsaidia, kama ana vidonda vya kulalia kifuani na kila siku anapungua uzito, hapo unamuongezea mateso. Mchinje haraka au mpeleke kwa mtaalamu. Nilimuonea huruma yule wa mwaka juzi kwa namna mbaya, nikamkalisha na maumivu kwa sababu sikutaka kuamua.

Karanga sasa hivi ana miezi mitano, ni tetea, juzi nimemkuta juu ya mti wa parachichi na wale wakorofi wanaokataa kulala bandani. Mguu wa kushoto ukimuangalia sana akiwa amesimama unaona umekaa nje kidogo kuliko wa kulia. Binti hataki hata kusikia habari ya mteja.

Leo mashine iko siku ya 20, mayai 52, moja tayari lina kitobo na ndani kuna mtu anagonga. Boksi nimeshalitandika taulo, maranda nimenunua viroba viwili tangu Alhamisi, na nimekata tepe nne za plasta nusu sentimita nimezibandika mlangoni kwa ndani, usawa wa macho.